Mpira Hufa Ukisubiri Maji

Vijana wangu wa kibandani Tegeta, mmeniomba niandike, basi naandika. Mlidhani mtu hastaafu mpaka awe na mvi na mkongojo. Mie nimestaafu na miaka arobaini na kitu, meno yote mdomoni, kwa sababu miguu imeanza kuniwasha tena na dalili zake nazijua. Kwa kuwashwa hivyo hivyo niliacha mkonge Tanga, nikaacha reli, nikaacha samaki wakavu wa Kigoma. Kazi ya mipira ya kumwagilia ndiyo pekee iliyoweza kunishika miaka yote hii. Hadi leo nikipita mahali nikaona mpira umelazwa juani mlangoni pa mtu, moyo unanidunda, nataka kubisha hodi niuinue.

Habari za nani alikuwa mkubwa wa nani sitaziandika. Pale kwetu ngazi ilikuwa moja tu, ya kupandia kwenye tangi, na ilikuwa na vidato viwili vilivyovunjika.

Nilifika Dar mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mabega ya kubebea magunia. Cheti hakuna aliyekiuliza. Nikaanza kubeba viazi na ndizi soko la Tandale. Kando ya bomba la soko alikuwa akikaa fundi mmoja, Mngoni wa Songea, jina lake Matei, mfupi, mcheshi, rika langu au kanizidi kidogo. Kazi yake ilikuwa kuunga mipira ya maji. Asubuhi moja akaniita nimbebee roli la mpira hadi kwa mteja Kinondoni. Nikalibeba vizuri tu. Tulipofika, nikaona msumari ukutani, nikalitundika ili nijifute jasho. Matei akapiga ukelele kama nimetundika mtoto wake.

"Wee! Shusha! Shusha upesi!"

"Nimefanya nini braza?"

"Wewe ningekutundika shingo kwenye msumari ungeuliza nimefanya nini?"

Hapo hapo, mbele ya mteja, akanipa somo langu la kwanza. Mpira hausahau. Pale ulipokunjwa leo, ndipo utakapopasuka kiangazi kikifika. Ukitundikwa kwenye msumari, uzito wote unalala kwenye kikunjo kimoja, na kikunjo kile ni kaburi lililoanza kuchimbwa. Yeye alitundika mipira yake kwenye rimu kuukuu la gari alilolipigilia ukutani, mpira ukazunguka duara taratibu kama nyoka aliyeshiba. Jioni ile sikurudi kwenye magunia. Nilijiambia nitakaa wiki moja nione. Mmeona wiki yangu ilivyokuwa ndefu.

Vifaa vya Matei viliingia vyote kwenye kikapu cha ukili. Kisu alichokitengeneza kwa kipande cha msumeno wa chuma. Vipande vya bomba vya kuungia. Klipu. Mikanda ya tyubu ya baiskeli. Na chupa ya chai, ile ya kutunzia moto, yenye maua mekundu. Mafundi wengine wa mji huu, ncha ya mpira ikikataa kuingia kwenye koki, waliipasha kwenye jiko la mkaa. Inaingia, ndiyo, lakini imeungua na imekonda, na baada ya mwezi inaachia. Matei aliichovya ncha kwenye maji ya moto, akahesabu kimoyomoyo, akaisukuma. Ikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Shida ilikuwa moja tu, kwamba kila nyumba tuliyokwenda walidhani ni chai. Temeke kulikuwa na mzee mmoja aliyejimiminia kikombe tukiwa tumeinama kwenye bomba, akanywa, akasema kwa upole kwamba sukari tumeisahau. Matei akamjibu, "Na majani pia, mzee wangu."

Siku zile za mwanzo mpira ulikuwa mmoja tu duniani: mweusi, mnene, mzito, wa enzi za foleni na uhaba. Mwenye nao aliurithisha. Kisha ruksa ya biashara ikatufikia na sie. Jamani! Hamkuwepo, siwezi kuwaeleza mkaelewa. Kariakoo, maduka yaliyokuwa na sabuni na viberiti yaliota mipira kama uyoga. Kijani, njano, waridi, wa mistari, na ule mpira kioo unaoona ndani. Mie na Matei tulikwenda siku moja kutazama tu, tukazunguka mchana kutwa tukishikashika kama watu waliokwenda kuchagua wachumba. Nilifurahi mpaka nikawa nacheka peke yangu. Nyumba mpya zilikuwa zinaota Tegeta na Mbweni, kila mwenye nyumba anataka majani mbele na maua kwenye ukuta, na kila ua linataka mpira. Tukahama Tandale, tukajenga kibanda hapo mlipo.

Mpira kioo ndio uliopendwa kuliko yote. Kwa watu wa maji ya mgao, kuyaona maji yakitembea ndani ya mpira yanakuja kwako ilikuwa sinema ya bure. Lakini jua nalo linaona ndani. Hazipiti wiki nyingi, ukungu wa kijani umeota, mpira umekakamaa, ukiukunja unalia. Na kulikuwa na ujanja mwingine. Mpira mzuri una nyuzi katikati ya ngozi zake mbili, zimesukwa kama wavu, nazo ndizo zinazobeba nguvu ya maji. Basi ikaingia mipira ambayo wavu huo umechorwa juu kwa rangi. Ndani hamna kitu. Ndiyo maana Matei hakununua mpira bila kukata ncha. Anautazama pale ulipokatwa, kama mtu anayetazama muwa kabla ya kuutafuna. Akiona nyuzi, anaukunja. Ukijirudisha wenyewe polepole, anaunusa. Ukinuka kama kiatu kipya, anaondoka nao. Ukinuka kama mafuta ya taa, anamrudishia mwenye duka na kumtakia biashara njema.

Mambo hayo mnayajua, niliwafundisha mwenyewe. Ninachotaka kuandika vizuri ni kesi ya Mbweni, kwa kuwa wengi mnaisimulia na mnaisimulia vibaya.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kiangazi kimepamba moto. Akaja kibandani mama mmoja wa Kizaramo, mtu mzima, mrefu, amekumbatia vipande vya mpira ndani ya kanga kama aliyebeba kuku aliyegongwa na gari. Jina lake Bi Zuhura.

"Nani kati yenu ndiye daktari?" akauliza baada ya sie kumpa shikamoo na yeye kuitikia.

"Inategemea, mama," Matei akasema. "Mgonjwa yu hai?"

"Huyu wa tatu kiangazi hiki. Wote wamepasuka. Na wa nne ukipasuka, mie sina bustani."

Akakaa kwenye gogo, akaeleza. Bustani ilikuwa ya marehemu baba yake. Huyo baba ndiye aliyepanda miasumini na mikilua, na wanawake wa mjini wakitaka vikuba vya harusi, vile vishada vya asumini vya kubandika kifuani, walikwenda kwa Bi Zuhura. Lakini kaka yake mkubwa, Bwana Mrisho, mtu wa ofisini mjini, alikuwa amepata mnunuzi anayetaka kujenga hapo. Walibishana mpaka wakachoka. Mwisho kaka akasema: kiangazi hiki kikiisha miti iko hai, nitafunga mdomo, nikiikuta imekauka, tunauza. Na atakuja mwenyewe kutazama kabla masika hayajaanza.

"Kaka yangu si mbaya," akasema Bi Zuhura. "Amechoka kusikia kila siku maji, maji. Na mie nimechoka kumwambia."

Matei akanivuta pembeni. "Hii yako. Mie nikikaribia asumini napiga chafya mpaka nasahau jina langu."

Nikaenda Mbweni na kikapu na chupa ya chai. Bi Zuhura aliposikia kwetu Tabora akasimama katikati ya njia.

"Kumbe Mnyamwezi! Babu zako walipita hapa na mizigo vichwani, wakanywa visima vyetu vyote. Leo maji yetu uyarudishe."

"Tuliyanywa kwa sababu wenyewe mlikuwa mmelala."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama hizo za mizigo, na mtani hakasirikiwi, hata akikuchukulia sufuria jikoni. Tangu dakika ile tuliongea kama watu waliokua pamoja.

Bustani yenyewe ilikuwa ya kuliza. Miasumini mistari kwa mistari, majani yameanza kujikunja, na ardhi ya Mbweni mnaijua, mawe ya matumbawe yenye meno kama papa. Bomba lilikuwa juu karibu na barabara, miti iko chini bondeni, na katikati ule mpira wa tatu, mpira kioo, umekatwa kipande kilichopasuka karibu na koki na kurudishwa, umelala juani juu ya mawe. Nikauinua. Wavu wa kuchora! Nikafurahi, nikasema nimemkamata mwizi. Lakini Bi Zuhura akaniletea vipande vya mpira wa kwanza, nikavitazama pale vilipokatika: nyuzi zimo, za kweli. Nao ulikuwa umepasuka vilevile, hatua chache kutoka kwenye koki. Mpira mzuri na mpira mbaya imekufa kifo kimoja, mahali pamoja. Hapo nikajua mwizi ni mwingine.

Nikafanya alichonifundisha Matei, nikakaa chini nikatazama.

"Umekuja kutengeneza au umekuja kupunga upepo?" Bi Zuhura akauliza.

"Natazama mpira unavyoishi."

"Haya. Ukimaliza kuutazama utanisalimia."

Maji hayakuja siku ile, na ndiyo bahati yangu, maana niliona mpira unafanya nini maji yakiwa hayapo. Bi Zuhura alikwenda bombani akafungua koki mpaka mwisho. Akarudi bondeni, akachukua gunzi la muhindi lililofungwa kitambaa, akaziba ncha ya mpira, akalikaza kwa ngumi.

"Hilo la nini?"

"Kengele." Alinishangaa kama nimeuliza mlango ni wa nini. "Maji ya mgao hayapigi hodi. Yakija usipokuwepo yanamwagika au jirani anayamaliza. Gunzi likiruka, paa! nyumba nzima inasikia. Mtaa mzima huku tunafanya hivi."

Na kweli, kesho yake alasiri nikasikia nyumba ya tatu, paa! Kisha ya pili, paa! Wanawake wanakimbia na ndoo, vigelegele kama bibi harusi ameingia. Nikarukia mpira wetu kuutazama. Koki ilipiga mluzi kwanza, mluzi mrefu. Ni upepo, wenzangu. Bomba likikaa tupu siku kadhaa linajaa upepo, na maji yakirudi yanausukuma mbele kama askari anayefukuza wamachinga. Mpira ulikuwa umekaa juani tangu asubuhi, si kivulini kama ya majirani, laini kama muhogo wa nazi. Upepo umeingia, mbele umekuta gunzi. Pale karibu na koki mpira ukavimba, ukawa kama chatu aliyemeza mbuzi, na kabla gunzi halijaruka ukapasuka. Maji yote yakamwagikia barabarani.

Bi Zuhura akakaa chini kwenye mawe. Hakulia. Alitazama miti tu.

Mie nilikuwa narukaruka kama mwehu. "Nimeuona! Bi Zuhura, nimeuona!"

"Umeona nini wewe? Mpira umekufa!"

"Nimeona unavyouawa! Mpira haufi kwa maji. Hufa ukisubiri maji."

Nikamwomba aache gunzi. Akakataa katakata. "Bila gunzi nitajuaje? Nikae bombani kama kuku anayeatamia?" Na alikuwa na haki. Dawa inayomnyima mtu kengele yake si dawa, ni mgonjwa mwingine.

Nilirudi Tegeta nikamsimulia Matei. Akapanda juu ya stuli, akashusha kutoka kwenye rimu kipande chake cha mpira mweusi wa enzi za foleni, kile alichokuwa hamruhusu mtu kukigusa.

"Upepo utafutie mlango wake," akasema. "Na mlango wenyewe uwe huu. Huu hautapasuka mpaka sie tupasuke."

Basi nikafunga tii, kile kiungo cha njia tatu, pale bombani. Upande mmoja nikaunga kipande cheusi, kifupi, chenye koki yake ya kufungia, kimeelekea juu, na gunzi likakaa huko. Upande wa pili nikaweka koki nyingine, imefungwa, ya mpira wa kumwagilia. Mpira wenyewe, mpya, wa kijani, wenye nyuzi za kweli, unakaa kivulini umezungushwa kwenye rimu mpaka gunzi lipige. Upepo ukishatoka na maji kutulia ndipo unaunganishwa. Njia ya kushukia bondeni nikaitandika makumbi ya nazi ili usiburuzwe kwenye matumbawe. Shingo ya mpira, pale unapotoka kwenye koki, nikaizungushia tyubu ya baiskeli ili usijikunje kwa uzito wake. Bi Zuhura akazunguka, akatazama, akauliza kama Wanyamwezi wote wanachelewa kufikiri hivi au ni mimi tu.

Lakini kuokoa mpira si kuokoa bustani. Maji yaligoma. Siku zikapita, gunzi kimya, makumbi makavu, miasumini ikaanza kuinamisha vichwa. Bi Zuhura aliigawia maji ya kufulia kwa kikombe, mti kwa mti. Na maji yakiwa bado hayajaja, akaja Bwana Mrisho.

Alikuja mchana, shati jeupe la mikono mirefu, viatu vinang'aa. Akasalimiwa, akaletewa kiti, akakikataa. Akatembea kati ya mistari mikono nyuma. Akakata jani, akalikunja, likavunjika.

"Zuhura."

"Abee kaka."

"Hii unaiita hai?"

"Imelala, kaka. Haijafa."

"Mdogo wangu, mie sitaki tugombane. Tulikubaliana."

Mie nilikuwa nimesimama kwenye koki na kikapu changu, nikitamani niwe nimeingia ndani yake. Na hapo mluzi ukaanza.

Sijawahi kusikia mluzi mrefu kama ule. Kipande cheusi kikatetemeka, kikasimama wima, na paa! Gunzi likapaa juu ya mti wa mkilua, likaangukia kwenye bati la jikoni. Bwana Mrisho akainama kama amepigwa risasi. Bi Zuhura akapiga kigelegele, akafunga kibwebwe, akakimbilia rimu. Upepo ukatoka wote kwenye mlango wake, ukakohoa, ukatema kutu, kisha maji yakatulia. Nikafunga upande wa gunzi, nikamiminia ncha ya mpira maji ya chupa ya chai, nikaisukuma kwenye koki, nikakaza klipu, nikafungua. Mpira wa kijani ukaamka, ukajinyoosha juu ya makumbi mpaka bondeni, ukajaa, ukawa mgumu. Shingo ikatulia. Haukuvimba popote.

Ila nguvu ya siku ile ilikuwa ya ajabu, niliogopa kuachia koki. Bi Zuhura alikuwa njiani akinyoosha vikunjo. Na kule chini ncha ya mpira ilikuwa inacheza peke yake, inamwagia mawe, na aliyekuwa karibu nayo ni mmoja tu.

"We Mzaramo!" nikapiga kelele. "Shika mpira huo! Au kazi yenu kula pilau tu?"

Bi Zuhura akasimama akashika mdomo. Mtu hakuwahi kumwita kaka yake hivyo. Bwana Mrisho akageuka, akanitazama kutoka bondeni, uso wa ofisini.

"Wewe nani?"

"Mtani wako! Wa Tabora! Shika, maji ya babu yako hayo yanapotea!"

Akasita. Kisha akacheka, kicheko kilichomtoka bila ruhusa yake, akainama akaudaka mpira. Ukampiga kifuani kwanza, shati likalowa lote. Akaukamata kwa mikono miwili, akaweka kidole gumba kwenye ncha kama tunavyofanya sote, maji yakatawanyika yakawa mvua, akaanza mstari wa kwanza.

Alimaliza mstari wa kwanza, akaingia wa pili. Viatu vikajaa tope. Bi Zuhura akamfuata nyuma, "Nipe kaka, utachoka." Hakumpa. "Niachie," akasema, "huu bado. Ona huu shina lake, baba aliupanda mie nikishika mche." Ilipofika jioni majani yalikuwa yameanza kunyooka, na vitumba vichache vilivyokuwa vimejificha chini vikafunguka. Ile harufu ikapanda mpaka kule kwenye koki. Nikamshukuru Mungu Matei hakuja.

Nguvu ya maji ilipopungua Bwana Mrisho alirudisha mpira kwenye rimu kwa mikono yake, duara kwa duara, bila kuukunja, nikimwelekeza. Kuhusu mnunuzi hakusema neno. Alikaa kwenye kile kiti alichokikataa, akavua viatu, akakamua soksi, akamtazama dada yake.

"Kesho yanakuja saa ngapi?"

"Nani ajuaye, kaka?" Bi Zuhura akamjibu, akaenda kuokota gunzi lake kwenye bati. "Vaa nguo za kazi, uje usubiri na sie."